Perege wa Maziwa Yetu: Kinachomdhuru Samaki Hakiishii Majini

Na Tabibu Wetu, Singida



Huenda nawe yamekukuta. Umenunua fungu la perege sokoni, umefika nyumbani, umekaa chini na kisu kuwapara magamba. Unapofungua mashavu ya samaki wa pili au wa tatu unakuta vijidude vya manjano, vinene kama punje za mtama, vimejikunja ndani ya nyama. Mikono inasita. Wapo wanaomtupa samaki mzima, wapo wanaokata kipande kile na kuendelea, na wapo wanaofunika macho na kumtia kwenye mafuta. Baadaye swali linaletwa kwetu matabibu: je, samaki yule alikuwa na ugonjwa gani, na sisi tuliomla tutakuwaje?

Jibu la haraka ni hili. Vile ni vijiminyoo ambavyo wataalamu huviita Clinostomum, na vinajulikana sana kwa perege na sato wa Afrika Mashariki. Ukivitoa na kumpika samaki hadi akaiva vizuri karibu na mfupa, havina madhara kwako. Habari chache za watu walioambukizwa, hasa kutoka Japani na Korea, ni za waliokula samaki mbichi, na mnyoo ukajishika kooni. Sisi hatuna desturi ya kula samaki mbichi, alhamdulillah. Lakini samaki wa kukaanga juu juu, mwekundu nje na mbichi ndani, tunao tele, hasa kwa wauzaji wa jioni wanaoharakisha wateja.

Lililonifanya niandike makala hii si mnyoo wenyewe, bali safari yake. Mnyoo mkubwa huishi mdomoni na kooni kwa ndege mla samaki, kama korongo. Mayai yake huanguka majini, yakaanguliwa, vijidudu vikaingia kwa konokono, vikakua humo, vikatoka na kumwingia samaki. Korongo akimla samaki, mzunguko unaanza upya. Ukimfungua perege mmoja jikoni, basi umefungua habari za ziwa zima: kuna ndege gani, kuna konokono wangapi, maji yakoje. Samaki ni shahidi wa maji yale, na maji yale ndiyo tunayonyweshea mifugo, tunayofulia, na wengine wetu ndiyo tunayokunywa.

Maji yasiyo na pa kutokea

Mkoa wetu wa Singida, kwa sehemu yake kubwa, una jambo ambalo mikoa mingine mingi haina. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na maji yake mengi hayafiki baharini. Hapa mjini tunayo maziwa ya Singidani na Kindai. Kule Iramba lipo Ziwa Kitangiri, linalopokea maji ya mito Wembere na Manonga, kisha kuyatoa kwa Mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Na Eyasi ndiyo mwisho wa safari, hakuna mto unaotoka humo. Jua linayachukua maji, chumvi na magadi vinabaki. Ndiyo maana wataalamu wameliita eneo hili Bonde la Kati, na Bodi ya Maji ya bonde hilo makao yake yapo hapa hapa Singida.

Fikiri maana yake kwa afya. Mto unaokwenda baharini huondoka na uchafu wake kidogo kidogo. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea hubaki na kila kilichoingia: mbolea kutoka shambani, sabuni, dawa ya kuogeshea mifugo, kinyesi kilichosombwa na mvua ya kwanza. Mwaka wa ukame maji yanapungua lakini vitu hivyo havipungui, bali vinazidi ukali. Anayeishi humo saa ishirini na nne ni samaki.

Na samaki mwenyewe si wa kawaida. Katika maji haya ya chumvichumvi yupo perege ambaye sayansi inamwita Oreochromis amphimelas. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Hilgendorf alimwandika kitabuni mwaka 1905. Hapatikani kwa asili nje ya Tanzania. Maskani yake ni maziwa ya chumvi ya bara: Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singidani na Sulunga kule Bahi. Shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo fungu lile la perege unalolipia sokoni huenda lina samaki ambaye ulimwengu mzima hauna pengine pa kumpata isipokuwa kwenye maziwa machache ya nchi moja. Sisi tunamuona wa kawaida kwa sababu tumemzoea.

Samaki aliyebeba jina la Singida

Kuna mwingine ambaye habari yake ni ndefu zaidi, nami naomba uivumilie kwa sababu ndani yake mna funzo la sahani yako.

Katika vitabu vya wataalamu wa samaki duniani yupo samaki anayeitwa tilapia wa Singida. Msomi wa Marekani au Ulaya ambaye hajawahi kulisikia jina la mkoa wetu analijua kupitia samaki huyu. Jina lake la kisayansi ni Oreochromis esculentus, na hilo neno la mwisho maana yake ni anayefaa kuliwa. Ajabu ni kwamba asili yake si Singida hata kidogo. Asili yake ni Ziwa Victoria na Kyoga pamoja na vijiziwa vya jirani, na wenyeji wa kule wanamwita ngege. Alichukuliwa akapandikizwa katika maziwa na mabwawa mengi ya nchi kavu, na jina la mkoa wetu likamganda.

Ngege alikuwa ndiye chakula cha watu wa Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyavu za kisasa za kutega ziliingia ziwani, na haukupita muda wavuvi wakaona kila wavu unaleta samaki wachache kuliko jana. Serikali za kikoloni zikamleta mtaalamu, Michael Graham, akafanya uchunguzi mwaka 1927 na 1928. Ndiye aliyempa ngege jina lile la kisayansi. Ushauri wake ulikuwa mwepesi kuueleza: tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5, ili samaki mchanga apite, akue, azae angalau mara moja kabla ya kuvuliwa.

Kwa nini inchi zile zina uzito? Kwa sababu ya namna samaki hawa wanavyolea. Perege, ngege na sato wa ukoo huu hawatagi mayai maelfu kwa maelfu na kuyaacha. Mama hutaga mayai machache, huyakusanya mdomoni mwake, huyabeba humo mpaka yanaanguliwa, na hata vifaranga wakishaanza kuogelea hurudi kujificha mdomoni mwa mama yao wakiona hatari. Ukimvua mama mmoja wakati huo umevua na kizazi chake chote. Samaki wa namna hii hawezi kufidia hasara upesi.

Katika miaka ya 1950 sharti lile la inchi 5 likaanza kuondolewa, nyavu zikawa ndogo. Miaka hiyo hiyo wakaingizwa ziwani samaki wageni: sato kutoka kwingine ili kuongeza mavuno, na sangara ambaye hula samaki wenzake. Sangara akatulia kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima. Ngege, ambaye tayari alikuwa amedhoofishwa na nyavu, akabanwa na sato kwa makazi na kuliwa na sangara. Leo IUCN inamweka katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Watafiti wa Kenya na wenzao waliomtafuta walimkuta amesalia katika vijiziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Siaya, kilichozungukwa na mafunjo ya Yala, ambako sangara hakufika.

Hapo ndipo maji madogo ya bara yanapopata thamani ambayo hatukuijua. Samaki aliyepotea kwao anaweza kuwa amehifadhika ugenini. Kati ya mwaka 2011 na 2017 timu ya watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiwemo wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ilizunguka mito, maziwa na mabwawa ya nchi nzima. Walimtambua samaki wa ukoo huu katika sehemu 123, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waliwakuta aina 14 ambao bado wapo katika makazi yao ya asili tu. Walikuta pia aina tatu ambazo binadamu amezisambaza na zimeota mizizi kwingine: sato, ngege wetu huyu mwenye jina la Singida, na mmoja wa nje kabisa ya nchi aitwaye leucostictus. Wakakadiria kwamba joto la miaka ijayo halitawaondoa wageni hao, pengine litawapanulia makazi.

Sasa, msomaji wangu, tatizo la mgeni si kula chakula cha mwenyeji tu. Samaki hawa wa ukoo mmoja huzaliana wao kwa wao, na watoto wao huzaa pia. Baada ya vizazi kadhaa unaweza ukawa na ziwa limejaa samaki na wakati huo huo yule wa asili hayupo tena. Macho ya mnunuzi hayatagundua. Lakini yule perege aliyeumbwa kustahimili maji ya chumvi na jua la Kitangiri, ambaye mwaka wa ukame ndiye angebaki hai, atakuwa ameondoka na uwezo wake. Mimi naona hii ni hasara ya lishe kabla ya kuwa hasara ya elimu. Mtoto wa Iramba anayekula uji wa uwele na mlenda anahitaji kitoweo cha karibu na cha bei ndogo, na kitoweo hicho kinategemea samaki anayeweza kuishi katika maji tuliyo nayo, si yale tunayotamani kuwa nayo.

Vifaranga wa kwenye mifuko

Siku hizi kuchimba bwawa la samaki nyumbani imekuwa jambo la kawaida, hata misikiti na madrasa kadhaa zimeanzisha. Ni jambo jema sana. Lakini vifaranga husafirishwa kwenye mifuko ya plastiki kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, na anayeuliza wametoka maji gani ni mmoja kati ya wengi.

Wenzetu waliotutangulia katika ufugaji wamelipa gharama kubwa kwa jambo hili. Nchini Chile wanafuga samaki aina ya samoni, ambaye si mwenyeji wa bahari ile, na kwa miaka mingi mayai yake yaliagizwa kutoka mbali. Mwaka 2007 ukazuka ugonjwa wa virusi ambao ulikuwa umetambuliwa kwanza Norway mwaka 1984, ugonjwa unaomfanya samoni apungukiwe damu na kufa. Mabwawa yalikuwa yamesongamana, ugonjwa ukaruka kutoka moja hadi jingine. Katika miaka michache uzalishaji wa samoni wao mkuu ulishuka kwa zaidi ya nusu, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Wakalazimika kuandika upya sheria zao: umbali kati ya shamba na shamba, muda wa kupumzisha maji, ukaguzi wa mayai.

Perege na sato nao wana virusi vyao. Kule Israel, kuanzia mwaka 2009, samaki walikuwa wakifa kwa wingi bila sababu kujulikana, hadi mwaka 2014 kirusi kikatambuliwa. Kinaitwa kirusi cha ziwa cha tilapia, na ni ndugu wa mbali wa virusi vya mafua. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa tahadhari kwa nchi zote. Mwaka 2018 watafiti wakachapisha kwamba wameona alama za kirusi hicho katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania, wa kufugwa na wa porini, ingawa samaki wenyewe hawakuonyesha kuumwa. Kirusi hiki hakimwambukizi binadamu. Narudia, kwa sababu najua uvumi unavyokimbia: ukila samaki mwenye kirusi hiki hupati ugonjwa. Anayeweza kuumia ni ziwa dogo kama Kindai, likiletewa kifaranga mmoja asiyejulikana alikotoka.

Kwa mwenye bwawa, basi, chukua vifaranga kwenye vituo vinavyotambuliwa na serikali na umshirikishe afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kulipa. Wavu na ndoo vilivyotumika kwenye bwawa la jirani vianikwe juani vikauke kabisa kabla havijagusa maji yako. Na ukichoka kufuga, kula au uza samaki wako. Usiwamwage ziwani ukidhani unatoa sadaka. Kadhalika bwawa lisichimbwe mahali ambapo mafuriko ya masika yatalivusha hadi kijitoni, maana hapo hakuna mtu aliyewamwaga na bado watafika ziwani.

Samaki, konokono na mkojo wa damu

Nimemtaja konokono hapo mwanzo, na sasa namrudia kwa upande unaotuhusu sisi binadamu moja kwa moja. Kichocho hupita kwa konokono kama alivyopita mnyoo wa manjano. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka wakati wa jua, vinapenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuka.

Kwenye Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, hadi miaka ya 1980 ilijulikana kwamba fukwe za wazi hazina kichocho, watu waliogelea bila hofu. Kisha ugonjwa ukaanza kuongezeka eneo la Cape Maclear. Watafiti, wakiwemo Jay Stauffer na Henry Madsen, walichunguza miaka mingi, wakaeleza kwamba samaki wenye meno mapana waliokuwa wakivunja na kula konokono walivuliwa kupita kiasi kwa nyavu za kukokota karibu na ufukwe. Mla konokono alipopungua, konokono wakaongezeka, na kichocho kikawafuata watoto. Wavu wa mvuvi uliingia hadi kwenye kibofu cha mtoto ambaye hajawahi kuvua.

Perege wetu si mla konokono hodari, hilo nisikudanganye, chakula chake ni vimelea vya kijani na uchafu laini wa majini. Lakini kambale anakula konokono, na kambale wachanga ndio wanaokumbwa kwanza na kokoro na vyandarua. Naomba nisimame kidogo kwenye chandarua. Chandarua chenye dawa umepewa ili mkeo mjamzito na mtoto wako wasipate malaria. Dawa iliyomo haimdhuru binadamu anayelala ndani yake, lakini kwa samaki ni sumu kali sana hata kwa kiasi kidogo. Ukikitumia kuvulia umepoteza kinga ya mtoto nyumbani, umekusanya vifaranga wasiotosha mchuzi, na dawa umeiacha majini.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na alionya juu ya kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Tulifundishwa hayo madrasa katika mlango wa tohara, na wengi tuliishia kufikiri ni suala la udhu tu. Mayai ya kichocho yalikuwa hayajaonwa na mtu yeyote mpaka Theodor Bilharz alipomgundua mnyoo wake kule Cairo mwaka 1851. Wafundishe watoto wanaokwenda kuchunga na kunywesha ng'ombe lamboni. Ukimuona mtoto anakojoa damu usimpe adhabu wala usiseme ni balehe, mpeleke kituo cha afya, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Kwa akina mama na mabinti kuna jambo la kusema kwa heshima. Kichocho cha mkojo kinaweza kusababisha vidonda, uchafu na damu sehemu za siri, na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Dalili hizi hufanana na maradhi ya zinaa. Nyumba zimetikisika kwa tuhuma ambazo asili yake ni maji ya lambo aliloogea msichana akiwa na miaka tisa. Kabla ya mume kumnyooshea mkewe kidole, au mama kumgombeza binti, waende hospitali na wamweleze tabibu wazi kwamba mgonjwa alikulia karibu na maji ya namna hiyo. Tabibu asipoambiwa huenda asifikirie.

Samaki hachinjwi, lakini

Wapo wanaomwaga sumu majini ili samaki waelee, wawakusanye. Wengine hutumia utupa, wengine dawa za pamba na za mifugo. Na ukimuuliza muuzaji anakujibu kwa fiqhi: samaki hachinjwi, maiti yake ni halali. Hukumu za samaki aliyeelea waulize masheikh, wao ndio wenye kazi hiyo. Mimi nazungumzia madhara, na kwamba kujidhuru na kuwadhuru wengine kumekatazwa hakuna mwanachuoni anayelipinga.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Uganda watu walikuwa wamekufa. Viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja viliumia, na wavuvi waliokuwa hawajagusa sumu hata siku moja wakakosa pa kuuza. Moja ya dawa zilizokuwa zikitajwa sana ni Thiodan, yenye kemikali ya endosalfani, ambayo mwaka 2011 mkataba wa kimataifa wa Stockholm uliiweka katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani. Aliyekula sumu ya namna hii anaweza kuanza kwa kichefuchefu na kizunguzungu, kisha kutetemeka na kupata degedege. Kuosha hakuondoi, kukaanga hakuondoi, ndimu haiondoi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, lakini sheria haipo pale unapochagua fungu sokoni. Pale upo wewe.

Mtazame samaki. Macho yawe angavu na yamejaa, si meupe yaliyozama. Mashavu yawe mekundu. Bonyeza nyama, irudi. Samaki aliyekufa kwa sumu anaweza kuonekana mzima kwa dalili hizo zote, kwa hiyo la muhimu kuliko yote ni kumjua anayekuuzia. Ukiona ghafla soko limejaa samaki wadogo kwa wakubwa, wa kila aina, kwa bei ya kutupa, na hakuna anayetaka kusema wametoka wapi, nunua maharage siku hiyo.

Madini ya floridi

Nimeulizwa mara nyingi kama samaki wa maziwa yetu ya magadi ndio wanaowafanya watoto wa Singida kuwa na meno ya kahawia. Madini ya floridi, ambayo ndiyo chanzo cha meno hayo, kwa samaki hukaa zaidi kwenye mifupa, si kwenye nyama. Mla nyama ya perege hana sababu ya hofu. Chanzo kikuu ni maji ya kunywa ya baadhi ya visima. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na nchi yetu mwaka 1974, kwa shida ya maji iliyokuwepo, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8, kiwango kilichoshushwa baadaye. Kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini floridi haiondoki, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi karibu hayana floridi, kwa hiyo kama una simtanki moja tu, iwe ya kunywa ya watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka.

Jingine ni magadi ya kulainishia maharage na makande. Watafiti wa meno wa Tanzania walishaonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba baadhi ya magadi yana floridi nyingi, na kwamba watoto walioharibika meno walikuwepo hata mahali ambapo maji yenyewe hayana tatizo. Loweka maharage usiku, yataiva bila magadi.

Ukiona samaki wamekufa wengi ziwani au bwawani, usiwaokote, hata kwa ajili ya kuku. Huenda ni hewa iliyokwisha majini baada ya joto na mvua ya ghafla, huenda ni ugonjwa, huenda ni sumu, na kwa macho hutofautishi. Zuia mifugo isinywe upande ule, andika tarehe na saa, piga picha kwa simu, kisha mjulishe afisa uvuvi wa wilaya na ofisi ya Bodi ya Maji siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake samaki wameoza na sampuli haisomeki tena. Na kama mtu ameshawala na anatapika au anatetemeka, mlete hospitali pamoja na kipande cha samaki kilichobaki, ndani ya mfuko uliofungwa.